Mbege Njema Huanzia Kwenye Ulezi

Anayejifunza kupika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, huuliza kwanza habari za ndizi: zipi zinafaa, ziive kiasi gani, zichemshwe kwa muda gani. Ni maswali ya msingi. Lakini mimi ningemwomba aangalie ulezi kwanza, kwa sababu hapo ndipo panapoamuliwa kama pombe itanoga, na kama itakuwa salama.

Ndizi huleta sukari. Ndizi mbichi imejaa wanga, nayo chachu haili wanga. Inapoiva, sehemu kubwa ya wanga hugeuka sukari, ndiyo maana ndizi za mbege huachwa ziive mpaka zilainike. Huchemshwa na maji hadi rangi ielekee wekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke na kuchujwa. Hiyo ndiyo nyalu. Chachu hugeuza sukari kuwa alkoholi na hewa ukaa, na kila gramu 100 za sukari huweza kutoa takribani gramu 51 za alkoholi. Karibu zote zinazobaki ni hewa, tena nyingi. Basi chombo kifunikwe kwa kitambaa safi au jani la mgomba, kisizibwe. Pipa lililokazwa kifuniko huweza kupasuka.

Ulezi nao una wanga, lakini wanga wake hauwi sukari kwa kuvundikwa. Inabidi uoteshwe. Mbegu inayochipua hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga ili kulisha mche mchanga, na mpishi hutumia kazi hiyo. Ulezi hulowekwa, hutandazwa na kufunikwa mpaka uchipue, halafu huanikwa juani na kusagwa. Unga wake hupikwa uji uitwao mso.

Vimeng'enya hivyo hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi, na huharibika uji ukichemka. Kwa hiyo koroga unga kwenye maji baridi, kisha upashe moto polepole. Ukiutia kwenye maji yanayotokota umeviua kabla havijaanza kazi. Mso ukiiva, uache upoe kabisa ndipo uuchanganye na nyalu, maana joto kali huua chachu. Magome ya msesewe huongeza uchungu wa kupunguza utamu. Yatiwe kidogo, kwani mti huo una kemikali zenye nguvu mwilini.

Sasa hatari. Unyevu na uvuguvugu unaoamsha mbegu huamsha pia ukungu na bakteria. Januari 2015, huko Chitima katika mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji. Ilikuwa imepikwa kwa unga wa mahindi ulioharibiwa na mafuriko. Uchunguzi ulikuta asidi ya bongkreki, sumu ya bakteria isiyo na harufu wala ladha, na isiyoondoka kwa kuchemshwa. Aflatoksini, sumu ya ukungu, nayo hustahimili moto wa jikoni. Nafaka ikishaharibika, hakuna hatua ya mbele inayoweza kuitengeneza.

Tena mbege hainywewi na mtu mmoja. Ni pombe ya posa, ya matanga na ya kusuluhisha ugomvi, na kata hupita kutoka mkono hadi mkono. Uzembe wa mpishi mmoja huufikia ukoo mzima.

Basi nunua ulezi mkavu, na uuoshe mpaka maji yatoke safi. Uutandaze tabaka jembamba mahali palipoinuka, ugeuze kila siku, na uanike siku za jua kali ili ukauke upesi. Msimu wa masika, ahirisha kazi hiyo. Ukiona utando wa kijivu, kijani au mweusi, au ukisikia harufu ya uvundo, fukia wote ardhini. Usichambue ulio mzuri ukabakiza, wala usiwape kuku, maana sumu hizo huwadhuru wao pia.