Saudi Arabia: Haki za watu wenye ulemavu zafundishwa vipi kwa intaneti?

Mafunzo ya sheria kwa njia ya intaneti yanaweza kumfikia mtu aliye Riyadh na mwingine aliye Jeddah kwa wakati mmoja. Lakini somo lisilomfikia kipofu wala kiziwi linaivunja haki ile ile linayoifundisha.

Saudi Arabia ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwezi Juni mwaka 2008, wiki chache baada ya mkataba huo kuanza kutumika. Kifungu cha 9 kinazitaka nchi wanachama kuondoa vikwazo katika majengo, usafiri na mawasiliano, ikiwemo intaneti, na pia kuwapa wahusika mafunzo juu ya vikwazo hivyo. Kwa maana hiyo, mafunzo si hisani bali ni wajibu wa kisheria.

Ndani ya ufalme huo, sheria ya mwaka 2000 ilizungumzia uangalizi wa walemavu. Mwaka 2018 iliundwa mamlaka maalumu yenye makao yake Riyadh, na mwezi Agosti mwaka 2023 ikatolewa sheria mpya ambayo jina lake lataja haki badala ya uangalizi. Tofauti hiyo ni kubwa: anayeangaliwa husubiri kupewa, ilhali mwenye haki anaweza kudai.

Hata hivyo, haki isiyojulikana haidaiwi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2005 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi, pale aina ya kazi inaporuhusu, aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 4. Tanzania nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2010, imeweka asilimia 3 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea. Afisa wa ajira asiyevifahamu vifungu kama hivyo humrudisha mwombaji mlangoni bila hata kujua kwamba amekosea.

Je, somo lenyewe litayarishwe vipi? Kipofu hutumia programu inayosoma skrini kwa sauti. Waraka wa sheria uliopigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti hausomeki na programu hiyo mpaka ugeuzwe kuwa maandishi halisi. Kiarabu kina ugumu wake wa ziada: kwa kawaida huandikwa bila irabu, hivyo programu huweza kulitamka neno visivyo na kubadili maana yake. Filamu yahitaji maandishi chini ya picha na mkalimani wa lugha ya ishara. Asiyeweza kushika kipanya sharti aweze kujibu maswali yote kwa kibodi peke yake. Miongozo ya kimataifa ya tovuti, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, inaeleza pia kiasi cha tofauti ya rangi kati ya herufi na mandhari yake.

Suala la lugha nalo ni zito. Riyadh na Jeddah zina wafanyakazi wengi kutoka Kenya, Uganda na nchi nyingine za Afrika Mashariki. Watumishi wa majumbani hawamo katika Sheria ya Kazi. Wana kanuni zao za pekee. Mtumishi aliyeanguka ngazini na kuumia mgongo hatasaidiwa na somo la Kiarabu linaloeleza sheria isiyomhusu. Somo la kweli lazima liseme wazi nani analindwa na kifungu gani, na nani yuko nje.

Mwisho, kifungu cha 4 cha mkataba kinaagiza watu wenye ulemavu washauriwe katika maamuzi yanayowahusu. Kwa watayarishaji wa mafunzo, hii ina maana kwamba kipofu na kiziwi wanapaswa kulijaribu somo kabla halijafunguliwa kwa wengine, wakati makosa bado yanaweza kusahihishwa.