Mbuzi Mnene Amekufa kwa Nini?

Wengi wanaofika kwa dispensere yetu wanafuga mbuzi. Mbuzi ni mali. Akiuzwa, mtoto anarudi shuleni. Basi mtu huumia sana mbuzi wake akifa kwa ghafula, na zaidi kama alikuwa mnene. Mama mmoja alituambia hivi: "Wenye kukonda wamebaki, mnene amekufa usiku. Jirani amempa sumu." Tukamwuliza, "Mama, jana alikula nini?" Akajibu kwamba alikata kamba, akaingia ghalani, akala mahindi mpaka kushiba. Ndiyo, sumu ilikuwako. Lakini haikutoka kwa jirani. Ilifanyika ndani ya matumbo ya mbuzi mwenyewe.

Sikilizeni namna inavyokuwa. Tumbo la mbuzi lina vyumba vine. Chumba kikubwa cha kwanza hupokea majani, nacho kimejaa vijidudu vyema vinavyoyachachusha. Kazi hiyo ni ya polepole, na vijidudu hivyo huzoea chakula kipya kidogo kidogo tu. Mbuzi aliyezoea majani akijaza mahindi kwa mara moja, wanga mwingi hupita bila kuyeyushwa, hufika katika matumbo membamba. Huko hukaa kijidudu kingine. Jina lake la kitabuni ni Klostridiumu perfringensi, aina ya D. Siku zote kiko kidogo, nacho hakisumbui, kwa sababu chakula kikipita hukifagia pamoja na mavi. Lakini kikipata wanga mwingi, huzaana upesi sana na kutoa sumu iitwayo epsiloni.

Tena kuna jambo la ajabu hapa. Sumu hiyo ikitoka katika kijidudu haina nguvu nyingi. Maji ya kongosho, yale yale yanayoyeyusha chakula, ndiyo yanayoikata na kuitia ukali. Kisha hulegeza ukuta wa utumbo, huingia katika damu, na damu huipeleka mpaka katika ubongo na mafigo. Mbuzi huhara maji, pengine na damu, hulia kwa uchungu wa tumbo, huanguka na kupiga-piga miguu. Kondoo mara nyingi hufa mbele mwenyewe hajaona dalili yo yote. Wafugaji wa Uingereza waliuita ugonjwa wa figo laini, kwa sababu mafigo ya mwana-kondoo aliyekufa nao hulainika upesi kama uji. Katika mbuzi alama hiyo haionekani sana.

Wala msimpasue ninyi wenyewe mnyama aliyekufa ghafula ili kutazama mafigo! Pengine aliyemwua ni kimeta, na kimeta huua watu pia. Nyama yake isiliwe, hata ikichemshwa muda mrefu. Najua ni vigumu kuzika nyama nyumba ikiwa na njaa. Lakini mzikeni, shimo liwe refu, tena mwambieni mganga wa wanyama.

Ugonjwa wa sumu ya matumbo ukiisha kuanza, dawa huchelewa mara nyingi. Lakini chanjo iko. Mbuzi huchanjwa mara mbili kwanza, majuma manne hivi yakipita katikati, kisha hurudiwa. Kwa mbuzi kinga haidumu sana, kwa hiyo wengi hurudia kila miezi 6. Na ukitaka kumnenepesha kwa mahindi, anza na konzi moja, uongeze polepole kwa muda wa majuma mawili. Mlango wa ghala ufungwe. (Kamba peke yake haitoshi, mbuzi ni mbuzi.)

Sasa, iko na njia ya kurudi. Mafigo yakiugua, tumbo nalo huugua. Tazama mbwa mzee wa lupango: anakunywa maji mengi, anakojoa sana, anakataa chakula, anatapika. Watu humpa dawa ya minyoo, na haimsaidii. Kazi ya mafigo ni kuchuja uchafu wa damu. Yakiharibika, robo tatu ya nguvu zake huweza kupotea mbele uchafu haujazidi katika damu. Halafu uchafu huo huunguza tumbo, na kinywani vijidudu huugeuza kuwa kitu kikali, hata pumzi yake inanuka mkojo na ulimi unapata vidonda.

Mbwa mwingine huugua mafigo kwa sababu ya vijidudu viitwavyo leptospira, vinavyotoka katika mkojo wa panya. Huyo hutapika, ana homa, macho yake huweza kuwa manjano. Mkojo wake pia hupitisha ugonjwa kwa watu, hasa penye kidonda au katika maji yaliyotuama. Usiusafishe kwa mikono mitupu, wala watoto wasicheze hapo. Na kama wewe mwenyewe umeshikwa na homa na maumivu makali ya misuli ya miguu, usiseme ni malaria tu. Uje kwa dispensere upesi, utuambie kwamba mbwa wako aliugua.