Kabla ya Kulipia RAM, Jua Shida Iko Wapi

Una saiba Kitui, Wote au Makindu na kompyuta ya mezani imeanza kujivuta? Usikimbilie kulipa. Tuangalie kwanza kama shida ni memori au ni joto.

Ukiwa katikati ya kazi zako za kawaida, bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Memori ikiwa imejaa karibu yote, ongeza RAM. Kama asubuhi iko sawa lakini mchana jua likiwaka inakuwa nzito, shuku joto: prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe. Zima, chomoa waya, toa vumbi kwenye feni, na fundi abadilishe pesti iliyokauka juu ya prosesa. Hiyo ni bei rahisi kuliko RAM.

RAM lazima ilingane na mashine: DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR3. Mbili za GB 8 zinazofanana kwa kawaida hushinda moja ya GB 16. Mtumie muuzaji picha ya lebo ya ile ya zamani.

Ukiagiza kutoka Nairobi, tunakushauri ulipe kwa Till ya duka, usome jina kabla ya kuweka PIN, na uhifadhi ujumbe wa malipo. Ukilipia RAM isiyoingia, kurudishiwa pesa si rahisi.