Si kila mtoto anayezirai ana kifafa

Mtoto wako akizirai ghafla akikimbia au akiogelea, usiharakishe kusema ni kifafa. Huenda kasoro iko katika mapigo ya moyo.

Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe. Moyo wa mtoto mchanga aliyetulia hupiga takriban mara 100 hadi 160 kwa dakika, na kasi hupungua anapokua. Ukienda mbio wakati wa mchezo, hilo ni jambo la kawaida. Lakini mapigo ya mtoto mchanga yakipita 220 kwa dakika, akakataa kunyonya, akahema na kubadilika rangi, mkimbize hospitalini.

Kuna pia ugonjwa wa kurithi ambapo umeme wa moyo huchelewa kutulia baada ya kila pigo. Mtoto huanguka anapokimbia, anapoogelea au anaposhtuliwa na kengele. Kwa kuwa anaweza kutetemeka, wengine hupewa dawa za kifafa kwa miaka mingi huku moyo ukikosa tiba. Ugonjwa huu unaweza kuua.

Ufanye nini? Mweleze daktari mtoto alikuwa akifanya nini kabla ya kuanguka. Mwambie pia ikiwa kuna kijana katika ukoo wenu aliyefariki ghafla. Kisha uulizie kipimo cha ECG, ambacho huonyesha umeme wa moyo. Hakina uchungu, na huchukua dakika chache tu. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, dawa zipo, na watoto wengi huendelea na masomo yao vyema.