Kidonda Kipimwe Kingali Kibichi

Mtu akiota malengelenge sehemu za siri, aibu humpeleka kwanza duka la dawa. Hupewa dawa ya kupaka, hurudi nyumbani, husubiri yakauke. Akifika kituo cha afya wiki ya pili, ushahidi umeshapotea. Virusi vya herpesi hupatikana kwa urahisi lengelenge likiwa na maji: mhudumu hulitoboa, husugua kitako cha kidonda kwa kijiti chenye pamba, na maabara hutafuta vinasaba vya virusi kwa kipimo cha PCR. Kidonda kikianza kupona, jibu la kwamba virusi havikuonekana haliondoi shaka.

Kipimo cha damu kina mipaka yake. Hutafuta kingamwili, ambazo huweza kuchukua hadi wiki 12 kujitokeza, hivyo aliyeambukizwa juzi anaweza kuambiwa hana. Aliyekutwa nazo haelezwi alizipata lini wala kwa nani. Tafiti zilizofanywa Kenya na Uganda zimeonyesha pia kwamba baadhi ya vipimo hivi humhesabu asiye na virusi kuwa anavyo, hasa namba ya jibu ikizidi kidogo tu kiwango cha mpaka. Jibu la aina hiyo lithibitishwe kwa kipimo kingine kabla mtu hajamtuhumu mwenzake. Ni dhuluma kuvunja ndoa kwa karatasi ambayo haikuwahi kuulizwa nani alimwambukiza nani.

Vituo vyetu vingi havina PCR, kwa hiyo vidonda hutibiwa kwa kufuata dalili: vidonge vya asaiklovia kwa herpesi, pamoja na sindano ya penisilini kwa kaswende. Utaratibu huo una busara. Vidonda vya herpesi kwa kawaida ni vidogo, vingi na vinauma. Cha kaswende mara nyingi hakiumi. Lakini macho hudanganyika, na kaswende iliyoachwa huweza kumuua mtoto tumboni. Kwa hiyo damu ipimwe kaswende na VVU siku hiyohiyo.

Mjamzito asifiche. Herpesi inayompata mama kwa mara ya kwanza karibu na kujifungua ndiyo ya hatari zaidi kwa mtoto, na mkunga akijua mapema ana la kufanya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 500 wana herpesi ya aina ya pili. Ugonjwa ulioenea hivyo unastahili kupokelewa kliniki kama malaria: kwa swali, kipimo na dawa, bila mahubiri.