Fahamu: Embu na Meru walipohitaji kibali cha kutembea nchini mwao

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa upigaji msasa wa ziada kwa wakazi wa kaunti za mpakani wanaoomba kitambulisho. Mkazi wa Embu au Meru anaweza kudhani jambo hilo halimhusu. Linamhusu sana, kwani jamii yake pia iliwahi kupigwa msasa kwa sababu ya kabila.

Aprili 24, 1954, wakati wa Hali ya Hatari ya enzi ya ukoloni, wanajeshi wa Uingereza waliizingira Nairobi kwa Operesheni Anvil. Waliolengwa ni Wakikuyu, Waembu na Wameru. Walipangwa foleni mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu ya macho tu. Akitikisa kichwa, basi. Unapelekwa kizuizini bila kesi. Jamii hizo tatu zilibebeshwa vitabu vya pasi, na hazikuweza kusafiri bila ruhusa. Hata katika uchaguzi wa Machi 1957, ambapo Waafrika walichagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alitakiwa kwanza kuwa na cheti cha utiifu kwa serikali. Kosa lake lilikuwa kabila lake.

Katiba ya 2010 inakataza hayo waziwazi. Kifungu cha 27 kinapinga ubaguzi wa kikabila, na cha 39 kinampa kila mtu uhuru wa kutembea. Kifungu cha 14 kinasema ukizaliwa na mama au baba Mkenya, wewe ni raia, uwe umezaliwa Runyenjes, Maua au Mandera.