Nyumba ya Vyumba Sita Inapotoweka Mabibo

Ndugu msomaji, ukishuka katika kituo cha Urafiki, Barabara ya Morogoro, ukaiacha barabara kuu na kushika njia ya kusini kuingia Mabibo, huna haja ya kumwuliza mtu mji huu unaelekea wapi. Macho yako yatakujibu. Pale palipokuwa na nyumba fupi yenye bati lililoshika kutu, leo pamesimama jengo la ghorofa tatu, na nondo zimechomoza juu yake zikingojea ghorofa ya nne. Hatua chache mbele, nyumba nyingine imetobolewa upande wa barabarani. Vyumba viwili vya mbele vimekuwa fremu, kimoja duka la vifaa vya simu na cha pili saluni, na mwenye nyumba mwenyewe hupitia uchochoroni kuingia kwake, mfano wa mtu aliyekuja kukopa chumvi.

Katikati ya hayo zimebaki nyumba chache za namna ile ya zamani: mlango katikati, dirisha kulia na dirisha kushoto, na baraza ya saruji iliyolainika kwa kukaliwa. Nilibisha hodi katika mojawapo, si mbali na soko ambalo watu wote wa hapa hulijua kwa jina la Mahakama ya Ndizi. Mwenye nyumba ni bibi mjane aliyekwisha pita miaka sabini. Baada ya shikamoo na marahaba alinionyesha mkeka barazani, akaniambia kwamba nimekuja siku nzuri, kwani asubuhi ile ile dalali alikuwa ameketi papo hapo.

Nyumba hiyo aliijenga pamoja na marehemu mumewe, aliyekuwa mfanyakazi wa zamu katika kiwanda cha nguo cha Urafiki, kile kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Walianza kwa boriti za mikoko na fito zilizokandikwa udongo. Chumba kimoja kilipopata mpangaji, kodi yake ikanunua saruji ya chumba cha pili; na hivyo udongo ukaondoka ukuta baada ya ukuta, matofali yakaingia, bila ya mkopo wa benki wala ramani ya mhandisi. Mkorosho mmoja ulibaki uani kwa muda mrefu. Jina lenyewe la Mabibo, kama msomaji ajuavyo, ni la tunda la mkorosho, lakini leo mtoto wa mtaa huu akitaka kuliona bibo itampasa aende sokoni.

Yafaa tuiangalie nyumba hii kwa makini, kwani wengi wetu tulizaliwa ndani yake na hatujapata kuitazama. Ukiingia mlango wa mbele unakuta ukumbi mrefu unaopita moja kwa moja mpaka nyuma. Kulia vyumba vitatu, kushoto vyumba vitatu. Mwisho wa ukumbi ni ua, na uani kuna jiko, bafu, choo, kamba za nguo, na aghalabu banda la chumba kimoja au viwili lililoongezwa baadaye. Mwenye nyumba huchukua chumba kimoja au viwili, vilivyosalia hupangishwa. Basi katika paa moja utamkuta karani, fundi viatu, mama lishe, kijana aliyefika juzi kutoka Kigoma, na mwalimu wa shule ya msingi aliyeoa mwezi uliopita. Wote hupita ukumbi mmoja. Hakuna anayeweza kuumwa siku mbili pasipo wengine kujua, na hakuna anayeweza kupika samaki kwa siri.

Ramani hiyo haikuvumbuliwa Mabibo. Ilitoka pwani, ikaenea Kariakoo, Ilala na Magomeni, na kila mji ulipopanuka nayo ikasogea nje pamoja na watu. J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyeuchunguza mji wa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1950, na ambaye kitabu chake kilitolewa mwaka 1963, aliielezea kwa kirefu. Ni rahisi kuona sababu ya kuenea kwake. Mshahara wa kibarua haukutosha kupanga nyumba, bali ulitosha kupanga chumba. Na mwenye nyumba ambaye hakuwa na malipo ya uzeeni alipata riziki isiyostaafu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 katika mji huu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa. Wengi wa walioongezeka kati ya hesabu hizo mbili hawakupokewa na nyumba za serikali wala za kampuni. Walipokewa na bibi kama huyu, katika chumba cha futi kumi kwa kumi.

Sasa tazama, msomaji, ni majengo gani tunayoyalilia. Lilipoondoka jengo la Salamander katika Barabara ya Samora, na mahali pake ukainuka mnara uliochukua jina lile lile, watu walisikitika, na walikuwa na haki. Wazee wa leo waliokuwa vijana wakati huo hawajaisahau sinema ya Drive-In, ambako mtu alitazama picha akiwa ndani ya motokaa. Kiwanja chake sasa ni Ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo baada ya ule wa awali kulipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Na Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua, habari ilizunguka dunia nzima. Lakini ni nani aliyeandika hata mistari miwili siku nyumba ya vyumba sita ilipobomolewa Mabibo? Hubomolewa kimya kimya, kati ya Jumatatu na Alhamisi. Bati na mbao huuzwa papo hapo, na Ijumaa lori la mchanga huwa limekwisha mwaga.

Sheria nayo haina la kusema. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyo machanga kuliko hayo hungojea tamko la waziri. Kipimo hicho ni kikali kwa mji kama wetu. Hata Boma la Kale lililo karibu na bandari, ambalo ni miongoni mwa majengo makongwe kabisa ya Dar es Salaam, lilijengwa wakati wa Sultani Majid, miaka ya 1866 na 1867, yaani lilichelewa kwa miaka mitatu. Ikiwa Boma lilichelewa, nyumba ya mfanyakazi wa Mabibo itasimama kwenye foleni gani?

Hata hivyo upo mfano mmoja wa kutia moyo, tena hauko mbali. Katika Mtaa wa Ifunda, Magomeni, imehifadhiwa nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere katika miaka ya kudai uhuru, na leo ni makumbusho. Si kasri. Ni nyumba ya kawaida katika mtaa wa watu wa kawaida, na mgeni anayeingia hushangaa kuona udogo wa vyumba. Imehifadhiwa kwa sababu ya aliyeishi ndani, na hilo ni haki. Ninalouliza ni kama tunaweza kuhifadhi walau moja kwa ajili ya wale waliopanga.

Nisije nikaeleweka vibaya. Mwandishi wa makala haya amekulia katika nyumba ya vyumba sita, na hana hamu ya kuupamba umaskini. Choo kimoja kwa familia tano ni ugomvi wa kila alfajiri. Mita moja ya umeme kwa wapangaji wote imevunja urafiki mwingi, hasa pale mmoja anaponunua jokofu. Masika yanapofika maji huingia uani, na kutoka uani huingia ukumbini. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilipozibomoa nyumba za udongo na makuti za Magomeni na kwingineko katika miaka ya 1960 na kujenga za saruji, waliohamia ndani walifurahi, wala hapakuwa na aliyetaka kurudishiwa makuti yake.

Tena mji hauwezi kusimama. Barabara ya Morogoro ilipopanuliwa, nyumba zaidi ya elfu moja kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa mwaka 2017, na mwishoni mwa mwaka huo huo hata jengo la makao makuu ya TANESCO pale Ubungo lilikatwa sehemu yake. Alama ya X haikuchagua. Leo anayepita juu ya barabara za Ubungo zilizozinduliwa tarehe 24 Februari 2021 hufika mapema, na sisi tunaokaa Mabibo tumo katika hao wanaofika mapema.

Swali basi si kubomoa au kutobomoa. Ni nani anayerudi baada ya kubomoa. Wakazi wa Magomeni Kota waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 na kota zao zikavunjwa. Walikaa wakingoja miaka kama kumi, na maghorofa mapya yalipozinduliwa Machi 2022, kaya 644 zilizotajwa katika orodha ya zamani ndizo zilizopewa nafasi ya kwanza. Waliteseka kungoja, lakini orodha ilikuwapo. Mpangaji wa nyumba ya bibi yetu hamo katika orodha yoyote. Siku nyumba ikiuzwa atapewa notisi, atafunga godoro lake, na chumba atakachokiweza kwa mshahara ule ule atakipata Chanika au Kibamba, safari ya magari mawili kwenda na mawili kurudi. Kile alichokipunguza katika kodi atakilipa kwa kondakta.

Na bibi mwenyewe? Watoto wake ni wanne. Wawili wanataka nyumba iuzwe na fedha zigawanywe. Mmoja anataka waingie ubia na tajiri, kama wanavyofanya wengi Kariakoo: wewe unatoa kiwanja, yeye anatoa jengo, mnagawana ghorofa. Wa nne, binti, hataki lolote kati ya hayo. Bibi alinipigia hesabu kwa vidole. Fedha za mauzo zikigawanywa mafungu matano zitakwisha. Za ujenzi hazijui mwisho wake. Kodi ya vyumba vitano ni ndogo lakini huja. Kuhusu ubia ana hofu yake. Analikumbuka jengo la ghorofa 16 lililoanguka katikati ya mji tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, na lile la Kariakoo lililoporomoka tarehe 16 Novemba 2024. Anauliza ni nani atakayemhesabia nondo.

Nilimwuliza mtoto wa pili, aliyekuwapo, kwa nini anataka kuuza. Hakuwa mtu mwenye tamaa kama nilivyodhani nilipomwona na dalali. Ana watoto watatu na karo ya shule, na anaona ni dhuluma mama yake kuamka usiku kwenda choo cha uani akiwa na goti bovu. Hilo nalo ni kweli, na sikuwa na jibu.

Mjukuu wa bibi, binti wa yule asiyetaka kuuza, ameanza kazi ambayo hakuagizwa na mtu. Kwa futi ya fundi na daftari la shule amepima kila chumba, ukumbi, baraza na ua. Amepiga picha milango yote, pamoja na ile alama ya penseli mlangoni ambapo urefu wa mama yake ulikuwa ukipimwa kila Idi. Ameandika pia majina ya wapangaji wote ambao bibi anawakumbuka, na chumba alichokaa kila mmoja. Nilipoondoka walikuwa wamefika jina la arobaini na moja.

Familia itakutana tena mwisho wa mwezi. Dalali ameahidi kurudi kabla ya hapo. Mpangaji wa chumba cha tatu, ambaye hakuambiwa neno, amekwisha lipa kodi ya miezi sita.